Léonie na Dada Zake: Kabla ya Kuhukumu, Tuchore Ukoo



Katika miaka yetu ya kufundisha katekisimu, tumesikia lalamiko moja likirudi vinywani mwa wazazi wa kila hali: "Mwalimu, watoto hawa wote nimewazaa mimi. Wamekula chungu kimoja, wamelala chini ya bati moja, wamesali rozari moja. Mbona huyu mmoja ananitoa machozi?" Wazee hujibu kwamba vidole vya mkono mmoja havilingani. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii mama anayelia, wala halimsaidii mtoto anayeliliwa.

Nasi tunaungama kosa letu. Siku moja, mbele ya wenzake, tulimwambia kijana mmoja: "Mbona wewe huwi kama yaya yako?" Yaya yake alikuwa amepokea kipaimara mwaka uliotangulia, akajibu maswali yote bila kukwama. Kijana aliinamisha kichwa. Jumamosi iliyofuata hakuja, na mwaka ule hakurudi tena. Baadaye tulipata kujua kwamba yaya yule alilelewa na bibi yake kijijini, wakati kijiji kilikuwa na amani. Mdogo alizaliwa njiani, familia ikikimbia vita, akakua akihamishwa toka mlango hadi mlango. Tulidhani tunawalinganisha watoto wa nyumba moja, kumbe nyumba zilikuwa mbili.

Msimamo wetu katika ukurasa huu ni huo: ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawakui katika nyumba moja, hata kama hawajawahi kuhama. Nyumba hubadilika kati ya mtoto na mtoto. Kwa hiyo, kabla ya kusema kwamba fulani ni mgumu, au ni mbaya, au ana kitu ndani yake, tuchukue karatasi na kalamu, tuchore ukoo wake.

Mchoro tunaousema huitwa jenogramu. Ulitokana na kazi ya daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Murray Bowen, aliyefundisha kwamba ni vigumu kumwelewa mtu ukimtenga na familia yake. Mwaka 1985 Monica McGoldrick na Randy Gerson walitoa kitabu kilichoeneza alama zake, na ndani yake walichora familia za watu mashuhuri ili wasomaji wajifunze. Alama hizo ni nyepesi. Mwanamume huchorwa kwa mraba, mwanamke kwa duara. Mstari wa mlalo huunganisha mume na mke. Chini yake huning'inia watoto, wa kwanza upande wa kushoto, wa mwisho upande wa kulia. Aliyefariki hutiwa alama ya X, na miaka yake huandikwa karibu. Kisha huongezwa mistari ya mahusiano: mistari miwili kwa wanaoshikamana sana, mstari wa meno ya msumeno kwa wanaogombana, mstari uliokatika kwa waliotengana. Vizazi vitatu kwa kawaida hutosha.

Ili tusizungumze hewani, tuchore familia moja ambayo ninyi nyote mnaifahamu, au mnadhani mnaifahamu: familia ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, yaani familia Martin ya Ufaransa.

Louis Martin, fundi wa saa, alizaliwa mwaka 1823. Zélie Guérin, mfumaji na mfanyabiashara wa lesi za Alençon, alizaliwa mwaka 1831. Walifunga ndoa usiku wa manane, tarehe 13 Julai 1858. Walizaa watoto tisa. Marie alizaliwa mwaka 1860, Pauline 1861, Léonie 1863, Hélène 1864. Wakafuata wavulana wawili: Joseph Louis mwaka 1866 na Joseph Jean-Baptiste mwaka 1867. Céline alizaliwa mwaka 1869, Mélanie-Thérèse 1870, na Thérèse, yule tunayemwita Teresia, tarehe 2 Januari 1873. Wanne kati yao walikufa wakiwa wadogo. Watano waliobaki, wote wasichana, wote waliingia utawani.

Aliye mashuhuri tunamjua. Tumeona sanamu yake yenye mawaridi katika makanisa mengi, naye ni msimamizi wa misioni pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri tangu mwaka 1927. Lakini katika duara hizo tano zilizobaki, moja ilikuwa mzigo wa nyumba. Ni Léonie. Alikuwa mgonjwa tangu uchanga, mwenye upele usiopona, mzito wa masomo, mwepesi wa hasira. Alipelekwa shule ya bweni ya watawa wa Visitasio huko Le Mans, ambako shangazi yao, dada yake Zélie, alikuwa mtawa. Marie na Pauline walisoma huko na kufaulu. Léonie alirudishwa nyumbani, akapelekwa mara ya pili, akarudishwa tena. Mama yake aliandika barua nyingi, na zaidi ya 200 zimehifadhiwa. Humo tunasoma wasiwasi wake juu ya binti huyu, na jinsi alivyokaribia kukata tamaa.

Mtu akiishia hapo, atasema: wazazi ni wale wale, imani ni ile ile, basi kasoro imo ndani ya Léonie. Sasa tutazame mchoro.

Jambo la kwanza linalopiga macho ni alama za X. Joseph Louis alifariki Februari 1867. Joseph Jean-Baptiste alifariki Agosti 1868, na mwezi uliofuata babu yao mzaa mama akafariki. Hélène alifariki Februari 1870, na Mélanie-Thérèse Oktoba mwaka huo huo. Watoto wanne na mzee mmoja, katika muda usiotimia miaka minne. Tuulize: ni nani alikuwa na umri gani? Marie na Pauline walikuwa wamekwisha kupata miaka yao ya kwanza katika nyumba isiyo na jeneza la mtoto. Céline alikuwa mchanga asiyeweza kukumbuka. Thérèse alikuwa hajazaliwa. Léonie alikuwa na miaka mitatu msiba wa kwanza ulipoingia, na saba wa mwisho ulipotoka. Umri ule ambao mtoto hujifunza kama dunia ni mahali pa kuaminika, yeye aliupitisha katika nyumba ya matanga, karibu na mama aliyekuwa akizika, akizaa, na kusimamia kazi ya lesi kwa wakati mmoja.

Jambo la pili ni nafasi. Marie na Pauline walipishana mwaka mmoja na miezi kadhaa; walikuwa jozi, walisafiri pamoja, walisoma pamoja. Céline na Thérèse vilevile walikuwa jozi, wakicheza na kusali pamoja. Katikati yao yuko Léonie. Je, hakuwa na mwenzi? Mchoro unamwonyesha: ni Hélène, aliyezaliwa mwaka mmoja na miezi minne baada yake. Kwa umri, huyo ndiye angekuwa wake. Alikufa akiwa na miaka mitano, Léonie akiwa na sita. Kati ya Léonie na mdogo aliye hai anayemfuata, yaani Céline, kuna karibu miaka sita. Anayesoma majina matano ya walio hai haoni pengo lolote. Anayechora wote tisa anaona kwamba Léonie ameketi kando ya kiti kitupu.

Jambo la tatu ni mistari ya mahusiano. Kulikuwa na mtumishi wa nyumba aliyemtawala Léonie kwa vitisho, akamfanya amtii yeye na kumkwepa mama yake. Nyumba nzima iliishi na jambo hilo bila kulitambua, hata Marie alipoligundua mwaka 1877. Zélie alimrudisha binti yake upande wake, na mtoto akaanza kubadilika, akawa hataki kumwachia mama yake. Lakini Zélie tayari alikuwa na saratani ya titi. Alifariki tarehe 28 Agosti mwaka huo huo. Léonie, mwenye miaka kumi na minne, alimpata mama yake kwa miezi michache tu.

Siku ya maziko, mtumishi aliwaangalia wadogo wawili akawahurumia kwamba sasa hawana mama. Céline akamkumbatia Marie, akamfanya mama yake. Thérèse, mwenye miaka minne, akamkimbilia Pauline. Tukio hilo Thérèse mwenyewe amelisimulia, na wengi wetu tumelisoma kwa furaha. Chora mistari hiyo miwili mipya, kisha tazama karatasi yako. Jozi zimepata jozi. Hakuna mstari uliochorwa kwenda kwa Léonie.

Msidhani kwamba tunataka kumfanya Thérèse awe aliyependelewa asiye na jeraha. Mchoro unamtendea haki naye pia. Alilelewa na mama wa kunyonyesha huko shambani karibu mwaka mzima, akatengwa naye kurudi nyumbani. Akampoteza mama yake. Akamchagua Pauline, na Pauline akaingia Karmeli mwaka 1882; miezi michache baadaye Thérèse akapatwa na ugonjwa mzito ambao familia ilidhani utamwua. Kisha Marie naye akaingia Karmeli mwaka 1886. Hata jina lake lilikwisha kubebwa na dada aliyekufa kabla yake. Kwa hiyo tofauti kati ya Thérèse na Léonie haiko katika kuumia. Kila mara Thérèse alipoanguka, kulikuwa na mikono iliyomsubiri: baba aliyemwita malkia wake mdogo, dada wakubwa, Céline. Léonie alianguka mahali ambapo mikono ilikuwa imekwisha kujaa.

Tupande sasa kizazi kimoja juu, kwa maana hapo ndipo mchoro hutufundisha zaidi. Zélie mwenyewe aliandika kwamba utoto wake ulikuwa wa huzuni. Mama yake alikuwa mkali kwake na mpole kwa mdogo wake wa kiume. Binti aliyeonja kupendwa kidogo akawa mama wa binti asiyejua jinsi ya kumfikia. Tena, Louis katika ujana wake alikwenda kuomba kupokewa monasteri ya mlima Saint Bernard, akarudishwa kwa sababu hakujua Kilatini. Zélie aliomba kuwa mtawa, akaambiwa kwamba huo si wito wake. Wote wawili walisimama mbele ya mlango wa utawa, na mlango ukafungwa. Kisha mtazameni binti yao: aliingia kwa Waklara wa Alençon mwaka 1886, akatoka baada ya majuma machache; akaingia Visitasio ya Caen mwaka 1887, akatoka mwaka uliofuata; akaingia tena mwaka 1893, akatoka mwaka 1895. Watu waliona msichana asiyeweza kudumu katika lolote. Mchoro unaonyesha familia ambayo mlango uliofungwa haukuwa jambo geni, na ambayo utakatifu wake wote ulianza pale watu wawili waliokataliwa walipokutana.

Mwaka 1899, akiwa na miaka thelathini na mitano, Léonie aliingia Visitasio ya Caen mara ya mwisho. Hakutoka tena. Aliishi humo hadi kifo chake mwaka 1941, akijulikana kwa unyenyekevu wake. Dada zake wanne waliishi katika nyumba moja, Karmeli ya Lisieux. Yeye, hata utawani, alikuwa peke yake. Lakini njia ndogo ambayo Thérèse aliiandika, Léonie aliishika kwa miaka zaidi ya arobaini, na mwaka 2015 Kanisa lilifungua shauri la kumtangaza mwenye heri.

Wengine watatuambia: "Katekista, mnawatafutia wakosaji visingizio. Wazazi walifanya kazi yao, mtoto achukue jukumu lake." Tunajibu mambo mawili. Kwanza, kueleza si kusamehe deni. Mchoro haukumbeba Léonie hadi Caen. Alikwenda kwa miguu yake, mara ya nne, baada ya kushindwa mara tatu. Pili, mchoro hauwashtaki wazazi. Louis na Zélie walitangazwa watakatifu pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Ikiwa katika nyumba ya watakatifu wawili palikuwa na mtoto aliyeteswa kimya kimya jikoni na hakuna aliyeona, mzazi gani wa kwetu atakuwa na kiburi cha kusema kwamba kwake haiwezekani? Na mzazi gani atajiona amelaaniwa kwa sababu mtoto mmoja anamsumbua?

Neno hilo la laana ndilo linalotuogopesha, na hapa twataka kusema wazi. Kwetu Kongo kuna watu wanaochora ukoo kwa nia nyingine kabisa. Wanahesabu vifo, talaka na ugumba wa vizazi vitatu, kisha wanatafuta aliyeleta. Mara nyingi kidole huangukia mtoto: yatima, mgonjwa wa kifafa, anayekojoa kitandani, mwenye hasira, yule asiyefanana na ndugu zake. Anaitwa mchawi, anafungiwa, anafukuzwa akalale sokoni. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto kwa uchawi, lakini sheria haifiki jikoni kama sauti ya jirani. Fikirini Léonie angezaliwa katika mtaa wetu: ndugu wanne wamekufa kumzunguka, ngozi yake imejaa upele, shule imemkataa mara mbili, hana rafiki, na sasa mama anakufa. Tunajua vizuri ni jina gani angepewa.

Karatasi ni ile ile, X ni zile zile. Tofauti iko katika swali. Yule anayetafuta mchawi huuliza: "Nani alisababisha?" Anayechora jenogramu huuliza: "Nani alikuwepo, akiwa na umri gani, na nani alimshika mkono?" Swali la kwanza hutoa mshtakiwa. La pili hutoa kazi ya kufanya. Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kuikataa methali ya watu wa wakati wake waliosema kwamba watoto hulipa kwa yale waliyoyala baba zao. Naye Mathayo alifungua Injili yake kwa orodha ya ukoo ambamo hakuficha Tamari, wala Rahabu, wala mke wa Uria. Ukoo wa Mwokozi umeandikwa pamoja na majeraha yake, na hakuna aliyefutwa.

Tunawaomba, basi, vijana wa vikundi vyetu, mfanye zoezi hili kwa utaratibu. Chora kwanza familia yako mwenyewe, kamwe si ya jirani. Waulize wazazi na wazee kwa heshima, wakati wa utulivu, na mzee akinyamaza, heshimu kimya chake. Huenda amefika mahali pa kaburi. Andika watoto wote, hata waliokufa wachanga na wasiotajwa tena. Andika walipozaliwa: kijijini, mjini, njiani, kambini. Kwa kuwa kwetu mtoto hulelewa pia na mama mdogo, baba mkubwa au bibi, ongeza mstari wa nani alimlea nani, na kwa muda gani. Tenganisha yale unayojua na yale unayodhani: tarehe ya kifo ni hakika, lakini "hawakupendana" ni ushuhuda wa mtu mmoja. Hata ya Léonie tumeyachora zaidi kwa barua za mama yake na kumbukumbu za mdogo wake. Yeye angeshika kalamu, huenda mistari mingine ingehama. Na ukimaliza, karatasi hiyo si ya kubandikwa ukutani wala ya kupelekwa kwenye mkutano wa kikundi. Ni siri ya nyumba yenu.

Kisha tafuta jambo moja tu: ni nani katika nyumba yetu asiye na mstari? Mkimpata, msimfanyie hotuba. Mwiteni mkae naye, mpeni nafasi kwenye mkeka, mwendeni naye sokoni na kanisani. Mstari wa namna hiyo huchorwa kwa miguu na kwa muda.

Sisi wenyewe tulikwenda kumtafuta kijana yule tuliyemwaibisha. Tulimkuta, tukamwomba radhi, naye akatusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Kwenye katekisimu hajarudi bado. Lakini katika daftari letu tumeacha kumwandika "mdogo wa fulani". Tumeandika jina lake, mwaka wake, na njia aliyozaliwa, na kila Jumamosi tunapoita majina, lake tunalisoma pia.

Mtakatifu Louis na Mtakatifu Zélie, wazazi wa Léonie, mtuombee.